Kabla ya Kuukata Mti wa Ndege Kando ya Ziwa

Malalamiko yanayotufikia kutoka mitaa ya Kisumu iliyo karibu na ziwa yanafanana: ndege wala samaki, mnandi na yangeyange, wamehamia mtini, mabati yamekuwa meupe kwa kinyesi, harufu haivumiliki, na mwenye kiwanja ameshaita fundi wa kukata. Kero hiyo tunaielewa. Hata hivyo, kinyesi hicho ni samaki wa ziwa waliopanda nchi kavu.

Mvua huteremsha rutuba ya mashamba hadi ziwani. Vinavyoirudisha juu ni vichache. Ndege mla samaki huvua majini, akatua mtini na kuacha naitrojeni na fosforasi ardhini. Kwa ndege wa baharini jambo hili limepimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu visiwa vya Chagos, Bahari ya Hindi, ulilinganisha visiwa vyenye panya walioletwa na meli, ambao hula mayai na makinda, na visivyo na panya. Penye ndege tele, naitrojeni ilijaa udongoni, nyingine ikaoshwa hadi kwenye matumbawe, na uzito wa jumla wa samaki ukazidi kwa takriban asilimia 48. Hapa kwetu, ndege aina ya mwari wamekuwa wakivua Ziwa Nakuru na kulea makinda Ziwa Elmenteita.

Wapo wanaodai kwamba ndege "wanamaliza samaki"; dai hilo tumelijibu mara nyingi. Ndege hafumi nyavu za matundu madogo, wala si yeye aliyeleta magugu maji.

Ni kweli kinyesi kikizidi huunguza majani, na mti unaweza kukauka. Anayekitaka kwa shamba akiloweshe kabla ya kukizoa, avae barakoa kwa kuwa vumbi lake linaweza kudhuru mapafu, kisha akioze kwanza pamoja na majani makavu.

Kuhusu kukata: anza kwa chifu au kituo cha KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) kilicho karibu. Eleza mti uko wapi, ardhi ni ya nani, na kama kuna mayai au makinda. Acha namba ya simu inayopatikana. Kuua ndege pori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013, na mahakama inaweza kutoza faini, kufunga, au vyote viwili. "Nilikuwa nasafisha kiwanja" si utetezi. Makinda wakiwa bado viotani, utaombwa usubiri waruke. Kutupigia simu kila asubuhi hakuwaoteshi manyoya.