Upepo wa AC ukipungua, usikimbilie kujaza gesi

Mteja akiniambia AC ya gari lake haifanyi kazi, namuuliza kwanza: upepo unatoka ila hauna baridi, au upepo wenyewe hautoki? Wengi hawajawahi kuyatenganisha hayo mawili, na siwalaumu, maana gereji nyingi nazo haziyatenganishi. Gari linaingia, fundi anajaza gesi, mteja analipa, na upepo unabaki ule ule wa kupoozea chai. Gesi haisukumi hewa. Kazi yake ni kubeba joto la ndani ya gari na kulipeleka kwenye kondensa, kule mbele ya rejeta. Kinachosukuma hewa ni feni iliyojificha ndani ya dashibodi, ambayo mafundi tunaiita blowa. Feni hiyo hiyo ndiyo inayopuliza joto la hita, kwa hiyo haya yanamhusu pia mtu wa Njombe au Makete anayepigana na ukungu wa kioo cha mbele mwezi wa Juni.

Mimi huanza kwa kusikiliza. Zima redio, funga vioo, peleka feni kwenye kasi ya mwisho. Ikinguruma kwa nguvu lakini hewa inayotoka ni kidogo, mota inazunguka ila hewa imezuiwa njiani. Ikiwa kimya, au inazunguka kivivu, tafuta kwenye umeme au kwenye mota yenyewe.

Tuanze na feni inayonguruma. Kwenye IST, Premio, Noah, RAV4 na ndugu zao wengi, chujio la hewa ya ndani liko nyuma ya droo ya dashibodi, upande wa abiria. Toa vilivyomo, bana kuta za droo kwa ndani, nayo itashuka. Utaona kifuniko chembamba cha plastiki. Vuta chujio taratibu likiwa limelala vile vile, la sivyo uchafu wote utamwagikia feni. Hapa Dodoma wakati wa kiangazi, chujio lililoingia jeupe hutoka na rangi ya udongo, mikunjo imejaa vumbi mpaka haionekani, na juu yake kuna majani ya mwarobaini, manyoya ya ndege, hata mavi ya panya. Usiweke jipya kwanza. Washa feni dakika moja bila chujio. Upepo ukirudi, umemaliza: nunua jipya na ulifunge kwa kufuata mshale wake. Kulipuliza la zamani kwa mashine ya upepo sikushauri, kwa sababu karatasi hutanuka na kuchanika, kisha vumbi linapita moja kwa moja hadi kwenye evaporeta, ile sehemu ndani ya dashibodi inayopooza hewa.

Na evaporeta ikishapata vumbi, kazi inakuwa kubwa. Muda wote AC inapofanya kazi, mapezi yake, yaani vibamba vyake vyembamba, huwa na unyevu, hivyo vumbi linageuka tope na kuganda kati ya mapezi. Yapo magari ambayo hayana chujio kabisa, nafasi ipo lakini imezibwa na kifuniko tupu. Kwa hayo naingiza tochi na kuangalia evaporeta kabla ya jambo lolote. Jaribio jingine halihitaji kufungua kitu: badilisha kitufe cha hewa kutoka ndani kwenda nje. Upepo ukiwa mzuri kwenye hewa ya ndani na hafifu kwenye hewa ya nje, kuna majani yamejaa chini ya wipa, pale hewa inapoingilia.

Kuna tatizo moja linalochanganya sana wasafiri. Unatoka Dodoma upepo ni mkali na baridi safi, ukikaribia Morogoro unabaki wa kuhesabu. Ukisimama kula chakula, ukirudi garini umepona. Hiyo ni barafu. Evaporeta imeganda na hewa haina pa kupita. Likitokea, zima AC lakini iache feni ikizunguka. Upepo ukirejea polepole baada ya dakika kadhaa, jibu umepata. Kuna sensa kwenye evaporeta inayotakiwa kusimamisha kompresa, pampu inayosukuma gesi, kabla baridi haijafika nyuzi 0, nayo ikiharibika au ikitoka mahali pake, kompresa haipumziki. Chujio lililoziba linaweza kuleta barafu hiyo hiyo. Na gesi ikipungua pia inaweza, kwa hiyo hapa kupima gesi kuna maana. Nasema kupima, kwa geji, si kuongeza kwa kukisia.

Sasa upande wa umeme. Kama feni inafanya kazi kasi ya mwisho tu, na namba za chini zote ni kimya, mara nyingi mota haina kosa. Ni resista. Kasi za chini hupatikana kwa kupitisha umeme kwenye resista ili upungue. Kasi ya mwisho haipiti humo, inakwenda moja kwa moja. Resista hiyo inapata moto, ndiyo maana watengenezaji wameiweka ndani ya njia ya hewa, ipozwe na upepo wa feni yenyewe. Ona basi kinachofuata: chujio likiziba, upepo unapungua, resista inakosa wa kuipoza, inaungua. Unabadilisha resista, chujio unaliacha, na baada ya muda unarudi kununua nyingine. Mota iliyochoka, inayozunguka kwa uzito, nayo inavuta umeme mwingi na kuleta matokeo hayo hayo. Nikichomoa soketi ya resista nikakuta plastiki imegeuka kahawia na tundu moja limeyeyuka, sifungi resista mpya kwenye soketi hiyo. Soketi inabadilishwa pia, na mota inapimwa inavuta ampea ngapi.

Wapo wanaounganisha waya kuruka fyuzi ndogo ya joto iliyo kwenye resista. Feni itazunguka, kweli. Ila umeondoa kinga iliyokuwa inazuia moto ndani ya dashibodi. Mwenzake ni yule anayeweka fyuzi kubwa kuliko iliyoandikwa kwenye boksi.

Feni ikiwa kimya kwa kasi zote, angalia fyuzi na rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), kisha gonga mota kidogo kwa mpini wa bisibisi huku swichi imewashwa. Ikishtuka na kuzunguka, kaboni zinazopeleka umeme ndani ya mota zimeisha. Isiposhtuka, pima kwenye soketi ya mota, swichi ikiwa kwenye kasi ya mwisho na injini ikiwa inaunguruma. Ukipata karibu volti 13 au 14 na mota bado haijigusi, mota imekufa. Ukipata 8 au 9, umeme unapotelea njiani. Fuatilia swichi na waya wa bodi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Harrier, Crown na mengine yenye AC ya kujiongoza hayatumii resista ya aina hii bali moduli ya kielektroniki, na moduli ikifa feni inaweza kung'ang'ania kasi moja au kukataa kabisa.

Upepo ukiwa mwingi lakini unakwenda miguuni wakati umechagua usoni, feni iache. Kuna milango midogo ndani inayogawa hewa, na kila mmoja unasukumwa na kimota au waya. Sauti ya tak-tak-tak nyuma ya dashibodi ukiwasha gari mara nyingi ni meno ya gia ya kimota hicho yaliyovunjika.

Mwenye Noah au Alphard ajue kitu kimoja zaidi: AC ya abiria wa nyuma mara nyingi ina evaporeta yake na feni yake. Mbele pakiwa pazuri na nyuma upepo hakuna, usikubali kubomolewa dashibodi.