Ratiba Mbili Ukutani: Tulivyofungua Shule na Kusimamia Mitihani Kisiwani Pate

Katika chumba cha walimu cha shule yetu ya upili, kisiwani Pate katika kaunti ya Lamu, karatasi mbili zilibandikwa ukutani sambamba kwa zaidi ya miaka miwili. Moja ilikuwa kalenda ya mihula ya Wizara ya Elimu, ambayo ilikatwa na kuandikwa upya kwa kalamu nyekundu hadi ikawa haisomeki pembeni. Ya pili ilikuwa hesabu ya maji kujaa na kupwa, aliyotuandikia nahodha mmoja kwa kufuata tarehe za mwezi mwandamo. Mimi ni naibu wa mkuu wa shule, na katika shule za Kenya naibu ndiye anayebebeshwa ratiba, maandalizi ya mitihani na nidhamu, kwa hiyo kalenda ilipobadilika, aliyekaa nayo usiku kuilinganisha na hali halisi nilikuwa mimi. Nimeombwa mara kadhaa na walimu wachanga nieleze kazi ile ilikwendaje wakati wa korona, na leo nimepata nafasi ya kuiandika.

Tarehe zenyewe wengi wanazikumbuka. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akaamuru shule zifungwe: za kutwa kesho yake, za bweni ifikapo Jumatano ya tarehe 18. Mwezi Julai, Waziri wa Elimu wakati huo, Profesa George Magoha, alitangaza kwamba mwaka wa masomo wa 2020 umepotea, kwamba hapatakuwa na KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, wala KCSE, ule wa kumaliza shule ya upili, mwaka huo, na kwamba shule zitafunguliwa Januari 2021. Tuliliamini tangazo lile na kupanga maisha yetu juu yake. Kisha, tarehe 6 Oktoba, tukaambiwa kwamba wanafunzi wa Gredi ya 4, darasa la nane na kidato cha nne watarejea tarehe 12 Oktoba. Walimu walikuwa wameshaitwa kuripoti tangu tarehe 28 Septemba, hivyo wengine tulihisi kuna jambo linakuja, lakini tarehe yenyewe tuliipata zikiwa zimebaki siku sita.

Siku sita zaweza kumtosha mwalimu aliye kando ya barabara ya lami. Kwetu, mwanafunzi wa kidato cha nne anayetoka Kiunga au Kiwayu huja kwa chombo, na chombo hakiondoki mpaka kipate abiria wa kutosha, mafuta, na maji ya kupitia. Vilevile, waraka wa kufungua shule ulizungumza na watu wawili tu, yaani mwanafunzi na mwalimu. Lakini shule haifunguliwi na hao peke yao. Mpishi, karani, mhasibu, matroni wa bweni, bawabu wa usiku, mtu wa maabara: hawa hawakutajwa popote, na wao ndio waliobeba uzito wa kila tarehe iliyosogezwa.

Nieleze kwa nini. Mwalimu aliyeajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, nami nikiwa mmoja wao, aliendelea kupata mshahara wake muda wote shule zilipofungwa. Mwalimu wa bodi, yaani aliyeajiriwa na bodi ya shule yenyewe, na wafanyakazi wasio walimu hulipwa na shule kutokana na karo na fedha za serikali zinazokuja kwa kila mwanafunzi, na shule isiyo na wanafunzi ina kitabu cha fedha kisicho na kitu. Kwa miezi saba tuliwapa wenzetu hawa kile tulichoweza, mara mchele, mara nusu ya malipo, mara ahadi. Mwalimu wetu wa Kemia, ambaye alikuwa wa bodi, alinunua bodaboda ya mkopo. Mwalimu wa Historia aliingia baharini na ami yake kutafuta kamba, akakuta hoteli zimefungwa na kamba hana mnunuzi. Nilipompigia simu kumwambia kuwa tunafungua Jumatatu, aliniuliza kwa upole, "Mwalimu, nikirudi, nitalipwa na nani?" Sikuwa na jibu la kumpa. Alirudi hata hivyo. Wa Kemia hakurudi.

Masharti ya afya yalikuwa wazi: barakoa, kupimwa joto langoni, kunawa mikono kwa maji na sabuni, chumba cha kumtenga anayeshukiwa kuwa mgonjwa. Barakoa zilikuwa rahisi kuliko tulivyodhani, kwa maana mafundi cherehani wa kijijini walizishona kwa vitambaa vya kanzu na leso. Chumba cha kutenga tulikipata kwa kuhamisha majembe na mabeseni ya somo la Kilimo. Taabu ilikuwa maji. Visima vingi vya Pate vina maji ya chumvi, na asiyewahi kuishi kwetu huenda asijue kwamba sabuni katika maji ya chumvi haitoi povu: mtoto anasugua, anasugua, sabuni inaganda mikononi kama mafuta, naye anakata tamaa na kujifuta kwenye sare. Maji matamu tunayategemea kutoka kwenye jabia, yale matangi ya kukinga mvua, ambayo hujaa masika na kufikia Oktoba huwa yamebaki ya chini. Matroni wetu ndiye aliyekata shauri. Alifunga jabia la bweni kwa kufuli, akaweka ufunguo kwenye kamba shingoni mwake, na akagawa maji kwa kata: kata moja ya maji matamu kwa kunawa kabla ya kula, na maji ya kisima kwa mengine yote. Afisa aliyekuja kukagua alihesabu ndoo zilizopangwa langoni, akaandika kuwa zinatosha. Hakuna aliyemwuliza matroni ufunguo ule ni wa nini.

Wiki ya pili ya kurejea likaja jambo jingine. Baraza la Mitihani la Kenya lilitaka watahiniwa wapewe majaribio ya kupima walikofikia baada ya miezi nyumbani. Wazo lenyewe nililiunga mkono na bado naliunga mkono, kwa sababu mwalimu anayeanza kufundisha bila kujua mwanafunzi amesahau nini anapiga makasia gizani. Shida ilikuwa njia. Karatasi zilipaswa kupakuliwa na shule kutoka tovuti ya Baraza na kuchapishwa hapo hapo shuleni, kwa gharama ya shule. Karani wetu alipanda juu ya paa la stoo na simu yake kutafuta mtandao, akapakua somo moja baada ya jingine, kisha akashuka kwenye printa iliyokuwa na wino uliokaa tangu Machi. Ukurasa ulitoka na mstari mweupe katikati, ukila neno moja katika kila sentensi. Tulikaa naye mpaka saa saba za usiku, jenereta likinguruma nje, tukijaza maneno yaliyoliwa kwa kalamu katika nakala moja safi ili tuitumie kudurufu nyingine. Matokeo yalitueleza tulichokihofia: katika Hisabati na Kemia, yaliyofundishwa kidato cha tatu yalikuwa yamefifia kuliko ya kidato cha pili.

Nigusie kidogo suala la wanafunzi ambao hawakurudi. Tuliingia nyumba kwa nyumba pamoja na chifu. Wasichana walioolewa au waliopata uja uzito tuliweza kuzungumza na familia zao, na wengi wao walirudi, kwa kuwa kina mama wenyewe walikuwa upande wetu. Wagumu walikuwa wavulana. Kijana wa miaka 17 aliyekwisha kushika fedha zake za samaki kwa miezi saba haoni sababu ya kuomba ruhusa ya kwenda msalani. Wawili tuliwapata kwa kukubali waende baharini Ijumaa alasiri na Jumamosi. Najua wakuu wangu wa kazi hawangependa kusoma hivyo, lakini wote wawili walifanya mtihani.

Tarehe 4 Januari 2021 shule nzima ikarejea, na hapo ndipo hesabu ya nafasi iliposhindikana kabisa. Darasa lililojengwa kwa wanafunzi 40 na linalokaliwa na zaidi ya hao haliwezi kutoa mita moja na nusu kati ya mtoto na mtoto, na Waziri mwenyewe alikubali kwamba panapohitajika, masomo yafanyike chini ya miti. Tuna mikwaju miwili mikubwa, nayo ilitusaidia. Kaskazi ilipovuma mwezi huo, ubao wa kusimamisha ulianguka mara mbili juu ya mwalimu wa Jiografia. Kwa upande mwingine, chumba cha mtihani ndicho pekee kilichokuwa tayari kwa korona miaka mingi kabla ya korona, kwani kanuni ya Baraza huwataka watahiniwa watenganishwe kwa mita 1.22. Tulikuwa tukipima kwa kamba yenye fundo, na kamba ni ile ile.

KCPE ilifanywa tarehe 22 hadi 24 Machi 2021, na karatasi za KCSE zikaanza tarehe 26 Machi zikaendelea hadi Aprili 21, siku za mwisho zikiangukia Ramadhani. Huu si msimu wa mitihani. Tumezoea Novemba, na mipango yote ya vyombo, ya wasimamizi na ya ulinzi imejengwa juu ya Novemba. Hapa ndipo karatasi ya pili ukutani ilipofanya kazi. Njia ya kawaida ya kutoka Lamu kuja Pate hupita Mkanda, mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, wenye mikoko pande zote mbili na tope chini. Maji yakijaa, boti hupita bila wasiwasi. Wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, yakipwa hapapiti hata mtumbwi. Siku za KCPE zilikuwa za maji mafu, kwa hiyo hakukuwa na tofauti kubwa kati ya kujaa na kupwa. Lakini Jumapili ya tarehe 28 Machi mwezi ulikuwa mpevu. Kwenye pwani yetu, bamvua ya mwezi mpevu maana yake ni kwamba maji yamejaa alfajiri na yamepwa kabisa kwenye saa nne za asubuhi.

Siku hiyo tulikuwa tunawangoja wasimamizi wawili wa kubadilishana na wenzao, pamoja na sanduku la vifaa vya maabara. Nilikuwa nimewaandikia waondoke Lamu kabla ya saa moja asubuhi. Mmoja wao, mgeni wa pwani, alisoma ujumbe ule kama tunavyosoma ujumbe wa harusi, yaani saa moja ni saa mbili. Waliondoka saa mbili unusu. Nahodha alimwambia, "Mwalimu, tukifika saa hizi Mkanda hatupiti," naye akajibu kwamba barua yake inasema afike leo, haisemi saa. Boti ilikaa juu ya tope kwenye saa tatu na robo. Walikaa humo mpaka saa saba, wamevaa barakoa na makoti ya kuokolea, sanduku la chupa za asidi katikati yao, jua likiwapiga, kaa wakitembea kandokando ya boti kwa utulivu. Walipofika alasiri, msimamizi yule alikwenda moja kwa moja mpaka ukutani, akaisoma hesabu ya nahodha kutoka juu hadi chini, kisha akanakili wiki zilizosalia katika daftari lake. Hatukuwa na shida naye tena.

Watu wa nje hudhani kwamba baada ya mitihani ile mambo yalitengemaa. Kwetu sisi wa ratiba, taabu ndiyo kwanza ilikuwa inaanza, kwa sababu serikali iliamua kurudisha muda uliopotea kwa kuibana mihula. Mwaka wa masomo ulipunguzwa kutoka wiki 39 hadi 30. Somo lenye vipindi vitano kwa wiki hupoteza vipindi 45 kwa mwaka mmoja. Wengine walijaza pengo kwa masomo ya alfajiri na usiku. Mimi nilipinga kwa kiasi, kwa sababu watoto wetu wengi wa kutwa wana chuo cha Kurani baada ya alasiri na mwalimu aliyeamka saa kumi hafundishi kitu saa tatu usiku. Karo nayo ilishushwa kulingana na wiki, kwa shule kama yetu kutoka shilingi 40,535 hadi 35,035. Kwa mzazi ilikuwa haki. Lakini mpishi na bawabu hawalipwi kwa wiki, hulipwa kwa mwezi, na miezi haikupungua. Tofauti ile haikuwa na mtu wa kuijaza, na sikuona waraka ulioitaja.

Kidato cha kwanza kiliingia Agosti 2021. Novemba mwaka huo, baada ya mabweni kuchomwa katika shule mbalimbali nchini, Wizara ilitoa mapumziko mafupi ya katikati ya muhula. Mtoto wa Kiunga hawezi kwenda na kurudi katika siku chache kama hizo, kwa hiyo theluthi ya bweni letu ilibaki, na mpishi na matroni wakabaki nao. Mitihani mingine ikafanywa Machi 2022, na mwaka huo huo, licha ya shule kufungwa kupisha uchaguzi mkuu wa tarehe 9 Agosti, ikafanywa tena mwishoni mwa mwaka. Kalenda ya kawaida ilirudi Januari 2023.

Malimbikizo ya mishahara ya miezi ile saba ya 2020 tulimaliza kuyalipa katika muhula wa pili wa 2022. Mpishi alilipwa wa mwisho, kwa sababu yeye mwenyewe aliomba walimu wa bodi watangulizwe, akisema wao wana watoto wadogo. Nilimwambia kwamba sikubaliani naye, na hata sasa sikubaliani, lakini bodi iliridhia, na saini yake imo kitabuni.