Maana ya kurejesha ardhi iliyochafuliwa

Kurejesha ardhi iliyochafuliwa ni kazi inayofanywa pale ambapo kiwanda, karakana au ghala la kemikali limeacha sumu kwenye udongo na maji yaliyo chini yake. Lengo ni sumu hiyo isimfikie tena mtu, mnyama wala kisima. Wakati mwingine hutolewa yote. Mara nyingi haitoki yote, na kazi inakuwa kuizuia pale ilipo.

Naandika haya kwa sababu ya kiwanja kimoja hapa Lamu. Kwa miaka mingi palivunjwa betri kuukuu za magari na za sola, risasi iliyomo, yaani yale madini mazito yenye sumu, ikayeyushwa kwenye sufuria juu ya makaa, ikamiminwa kuwa chubwi za nyavu. Fundi ameshafariki, jamaa zake wanataka kukiuza, na majirani wanatamani pajengwe chuo cha watoto. Nilikwenda kutazama. Juu pameota nyasi, pazuri kabisa. Nikafukua kwa kijiti, hata shibiri haikufika, nikakuta vipande vyeusi vya makasha ya betri na chembe za kijivu zinazong'aa ukizikwaruza kwa ukucha. Kuku walikuwa wakiparura papo hapo.

"Mvua ngapi zimenyesha hapa, mwanangu?" bibi jirani akaniuliza. "Si imeshaoshwa?"

La, haijaoshwa. Mafuta ya injini yakimwagika, vijidudu vya udongoni vinaweza kuyala taratibu, ukivisaidia kwa hewa na mbolea. Risasi ni madini, haiozi wala hailiwi na kijidudu. Kabwe, nchini Zambia, mgodi wa risasi ulifungwa mwaka 1994, na hadi leo udongo wa mitaa iliyouzunguka unadhuru watoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto ndiye anayeumia zaidi: anacheza chini, anatia mkono mdomoni, na risasi inaingia kwenye ubongo ambao bado unakua.

Wataalamu wa kazi hii hutazama vitu vitatu: sumu yenyewe, njia inayopita, na anayefikiwa. Vikiwapo vyote vitatu, pana hatari. Ukikata kimoja, hatari imekatika. Kwa hiyo kabla ya jembe kuna kuuliza na kupima. Wazee huulizwa moto ulikuwa unawashwa wapi na maji ya betri yalimwagwa upande gani. Kisha udongo huchukuliwa sehemu mbalimbali na kwa vina tofauti, ukapelekwa maabara. Kupima sehemu moja tu ni kujidanganya, maana sumu hukaa kwa mafungu. Hatua tano kando unaweza kukuta mchanga safi.

Baada ya hapo ndipo njia huchaguliwa. Unaweza kuchimba udongo na kuuhamisha, kuuchanganya na saruji ili ushikamane, kuufunika kwa tabaka nene la udongo safi au zege, au, ikiwa maji ya chini yameguswa, kuyavuta kwa pampu na kuyachuja kwa miaka.

Watu wengi hudhani kuchimba ndiyo dawa ya hakika. Hapa kwetu lifikirie vizuri. Udongo wa kiwanja kile utatoka kwa punda, upite vichochoroni kwenye milango ya watu, upakiwe chomboni gatini, uvushwe hadi Mokowe upande wa bara, kisha utafutiwe shimo lililotengenezwa kwa taka za sumu. Vumbi likipeperuka njiani, umesambaza kilichokuwa mahali pamoja. Na ukimwagwa kwenye jaa la kawaida, umewahamishia wengine. Mimi naona kwa mahali kama pale, kutoa zile chembe na makasha, kisha kufunika vizuri na kuandika kwenye hati za kiwanja ni kitu gani kimefunikwa chini, kuna maana zaidi kuliko kuchimba ovyo. Ila kufunika kuna sharti: atakayekuja kuchimba msingi au choo lazima ajue.

Na kuna jambo la maji. Mji wa Lamu hunywa maji matamu yaliyo chini ya matuta ya mchanga ya Shela. Maji hayo ni tabaka lililoelea juu ya maji ya chumvi, na mchanga hupitisha upesi kinachomwagwa juu yake. Risasi kwa kawaida hung'ang'ania udongo wa juu, na mawe yetu ya matumbawe, yenye chokaa, husaidia kuizuia isishuke. Petroli na vimiminika vya kuoshea vyuma havizuiliki hivyo, huteremka. Ndiyo maana karakana au kituo cha mafuta karibu na matuta yale kinanitia hofu kuliko kiwanja cha chubwi.

Bahari nayo si jaa. Huko Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga zebaki ghubani, samaki wakaila, watu wakala samaki, wakaugua. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Kazi ya kusafisha ghuba ilianza 1977 na kumalizika 1990. Tope la sumu likavutwa, likazikwa, na juu yake pakafanywa nchi kavu ya hekta 58. Zebaki haikutoweka. Imefungiwa chini.

Nani hulipa? Kanuni ni kwamba aliyechafua ndiye anayegharamia. Sheria ya mazingira ya Kenya ya mwaka 1999 inaipa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, uwezo wa kutoa amri ya kurejesha mazingira, na Katiba, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Wakaazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi ukutani mwa kiwanda cha kuyeyusha betri kilichofungwa 2014. Julai 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na tena udongo na maji yao yasafishwe. Kwangu hiyo amri ya pili ina uzito sawa na fedha, kwa sababu fidia haimwondolei mtoto vumbi uani.

Kwa kiwanja chetu, aliyechafua hayupo na jamaa zake hawana kitu. Nimewaomba wasiuze mpaka udongo upimwe, nao wamekubali kungoja. Bibi amewafungia kuku wake. Wanaopita pale huambiwa wavue viatu mlangoni mwa nyumba zao, na watoto waoshwe mikono kabla ya kula.