Redio yenye soko si lazima iwe redio inayoboresheka

Yaesu, kampuni ya Japani, walitengeneza redio mbili zenye majina kama ya mapacha: FT-101E ya miaka ya 1970, na FT-101ZD iliyokuja mwishoni mwa muongo huohuo. Zote ni transiva, yaani chombo kimoja kinachopokea na kurusha, na zote zililenga watu wa redio ya ridhaa, wale wenye leseni ya kuwasiliana hewani kwa kujifunza na kwa kupenda tu, bila biashara. Ndani yake ni transista karibu kila mahali, mpaka ufike hatua za mwisho kabla ya antena. Hapo utakuta vali za kioo, zile zilizofanya kazi ya transista kabla transista hazijaja. FT-101E inatumia 6JS6C, vali iliyobuniwa kwa ajili ya televisheni za rangi. FT-101ZD inatumia 6146B, vali halisi ya kurushia, ambayo iliwekwa kwenye mitambo mingi sana ya jeshi na ya mawasiliano ya kibiashara.

Televisheni za vali zilipokufa, 6JS6C ikakosa mlezi. Zilizobaki zinauzwa kama dawa adimu. Za 6146B bado zimo kwenye maghala ya watu, mpya na zilizotumika. Kwa hiyo mtu akikuletea redio mbili hizo, zote safi, zote zinawaka, swali la kwanza halihusu rangi wala mwaka. Utauliza: vali zake zikoje, na zikifa nitapata wapi nyingine?

Hiyo ndiyo maana ya thamani ya mkononi ukiitoa kwenye vitabu. Ni kiasi ambacho mtu mwingine yuko tayari kukulipa kwa redio uliyokwisha kuitumia, na kiasi hicho hakitokani na bei ya dukani ukatoa miaka. Wanaouza magari husema gari fulani "ina soko". Transiva nayo ni hivyohivyo. Ina soko kama inafanya kazi ambayo watu wanaifanya leo, kama spea zake zinapatikana, na kama kuna mafundi wanaoyajua magonjwa yake.

Kuboresheka ni jambo lingine. Ni uwezo wa redio kupokea kitu kipya baada ya kuwa mali yako: filta, bodi, kikuza nguvu, programu mpya ya ndani. Wengi huamini kwamba hicho cha pili ndicho kinacholeta cha kwanza, kwamba redio inayoboresheka ndiyo inayoshika bei. Mimi siamini hivyo, na mifano ipo.

Tuanze na filta, kwa sababu ndizo zilizowafundisha watu wa zamani neno kuboresha. Redio za miaka ya 1970 hadi 1990 ziliuzwa na nafasi tupu ndani yake. Kila moja ilikuja na filta moja ya SSB, mtindo wa kawaida wa kurusha sauti, yenye upana wa kilohezi 2.4 hivi. Mtu wa Morse, anayewasiliana kwa nukta na vistari, alitaka nyembamba zaidi, tuseme hezi 500, ili stesheni kumi zilizobanana asikie moja. Basi alinunua filta ya fuwele, kwa redio za Kenwood mathalani YK-88C, akafungua kifuniko akaipachika. Filta hizo hazikuwa za bei rahisi, kila moja ikiwa na fuwele kadhaa zilizochaguliwa kwa kipimo.

Siku ya kuuza ndipo uchungu unapokuja. Mnunuzi wa Morse ataisifia filta yako na kuongeza kidogo. Mnunuzi wa sauti hataongeza kitu, kwake ni kipande cha bati kisicho na kazi. Ndiyo maana wauzaji wajanja huitoa filta, wakaiuza peke yake, na redio wakaiuza kama ilivyotoka kiwandani. Redio tupu na filta pembeni huleta pesa kuliko vikiwa pamoja. Lakini ipo hali inayogeuza hesabu: filta za mekanika za Collins zilizoingia kwenye Yaesu FT-817. Uzalishaji wake uliposimama, waliokuwa nazo wakawa wameshika kitu kisichopatikana dukani. Wenye filta hizo hawakuwa werevu kuliko wengine, bahati tu iliwaangukia.

Kisha hesabu ya kompyuta ikaingia ndani ya redio na kuifuta biashara nzima ya filta za hiari. Icom IC-7300, iliyoanza kuuzwa mwaka 2016, inachukua mawimbi karibu moja kwa moja kutoka antena na kuyageuza kuwa namba. Upana wa filta unauchagua kwa kidole kwenye kioo. Ukifungua kifuniko hutakuta nafasi tupu inayokusubiri. Kwa kipimo cha kuboresheka, IC-7300 ni maskini: utaipa programu mpya inapotolewa, na basi.

Hata hivyo ina soko kubwa. Sababu mojawapo ni FT8, mtindo wa dijitali uliotolewa mwaka 2017 na Joe Taylor na Steve Franke. (Taylor ndiye yule mwanafizikia aliyepata Nobeli mwaka 1993.) FT8 hupitisha ujumbe mfupi kwa sauti ambazo sikio halizisikii kabisa ndani ya kelele, na ikabadilisha kile watu wanachokifanya hewani. Redio ya FT8 yahitaji kuzungumza na kompyuta, na IC-7300 hufanya hivyo kwa waya mmoja wa USB. Yahitaji pia masafa yaliyotulia: toni zake zimeachana hezi 6.25 tu. Masafa ya FT-101E yangeyumba kuliko hapo ikiwa haijapata moto vizuri. Tena FT8 hurusha karibu sekunde 13 mfululizo kila zamu ya sekunde 15, jambo linalozichosha vali ambazo hata kuzipata ni shida. Redio isiyoboresheka imeshika bei kwa sababu ilitoka kiwandani ikiwa tayari kwa kazi ambayo mwaka uliofuata ikawa ya kila mtu.

Sasa tuitazame ile inayoboresheka kweli, maana somo lake ni refu zaidi. Elecraft ni kampuni ndogo ya California iliyoanzishwa mwaka 1998 na Eric Swartz na Wayne Burdick. Redio yao ya K2 ilikuja kama mfuko wa vipande, nawe unalehemu kila kimoja. Ya msingi ilikuwa ya Morse tu, wati 10 hivi. Ukitaka sauti unanunua bodi ya SSB, ukitaka wati 100 unanunua kikuza nguvu, ukitaka kirekebisha antena nacho kipo. Redio inakua na mfuko wa mwenyewe. Lakini ukiinunua mkononi, hununui kazi ya Elecraft peke yake. Unanunua na mkono wa aliyeilehemu. K2 mbili zenye vipande vilevile zaweza kutofautiana kabisa, na muuzaji asiyekuonyesha picha za ndani usimpe hela.

K3 ya mwaka 2007 iliondoa tatizo hilo, kwa kuwa hata waliochagua kuiunga wenyewe walitumia bisibisi tu, bila kulehemu. Ungeianza na wati 10, ukaongeza kikuza cha wati 100, kipokezi cha pili, filta kadhaa. Mwaka 2015 ikaja K3S, na hapa Elecraft walifanya jambo la uungwana: bodi kadhaa mpya zilitengenezwa ziingie pia kwenye K3 ya zamani. Iliyosifiwa kuliko zote ni sintesaiza, KSYN3A, inayotengeneza masafa ya ndani kwa usafi zaidi. Mwenye K3 ya miaka minane alifungua, akabadilisha, akapata redio iliyoikaribia mpya.

Kwenye soko la mkononi, bodi hiyo haikupandisha K3 zote. Ilizigawa. Tangu hapo mnunuzi akawa anauliza, "Ina sintesaiza mpya?" Zisizokuwa nayo zikashuka, na mwenyewe hakuwa amefanya kosa lolote. Redio yako inakaa mezani ikifanya kazi ileile kama jana, lakini kwa kuwa ingeweza kuboreshwa na hukuiboresha, imekuwa pungufu. Hilo halimpati mwenye IC-7300, kwa sababu zote ni sawa.

Na kuboresheka kuna mwisho wake. Mwaka 2019 Elecraft walitangaza K4, redio ya muundo mwingine kabisa, na bodi za K3 haziingii humo. Ukiambiwa redio fulani inaboresheka, uliza bodi zenyewe bado zinauzwa au zimo kwenye karatasi tu.

Programu nazo zina mtego wake. Kwa kampuni nyingi, programu mpya ya ndani hutolewa bure. FlexRadio wameenda njia nyingine: matoleo makubwa ya SmartSDR, inayoziendesha redio zao, yamekuwa yakilipiwa. Anayenunua redio ya namna hiyo mkononi aulize imelipiwa toleo gani, la sivyo atalipa mara mbili.

Kuna kitu kingine kinachopandisha na kushusha bei ambacho hakimo ndani ya redio kabisa, nacho ni sheria. Mkutano wa kimataifa wa mwaka 1979 uliwapa watu wa ridhaa bendi mpya za megahezi 10, 18 na 24. Kenwood TS-520 ilikwisha kutengenezwa kabla, haizijui. TS-830S ya mwaka uliofuata inazijua. Zote mbili zina vali za jamii ya 6146 mwishoni, zote ni redio nzuri, lakini moja imefungiwa nje ya vyumba vitatu vya nyumba. Vilevile mkutano wa mwaka 2015 ukatoa kipande chembamba cha megahezi 5, kilohezi 15 tu kwa upana, na redio nyingi za zamani zinakataa kurusha hapo mpaka fundi azifungue kwa kukata waya au kuondoa daiodi.

Kuchokonoa kwa namna hiyo wengine huita kuboresha. Kwa mnunuzi ni mashaka. Mtu aliyekata waya mmoja, je, hakukata wa pili?

Ila msikimbilie kusema kwamba redio isiyofunguliwa ndiyo bora daima. Kenwood TS-850 ina kapasita ambazo zikizeeka huvuja maji yake na kula bodi. Ndugu yake TS-440 ilipakwa gundi kwenye saketi ya masafa, na gundi hiyo kwa miaka ikaanza kupitisha umeme, kioo kikaonyesha nukta badala ya namba. Magonjwa haya yanajulikana na tiba zake zinajulikana. Kwa hiyo TS-850 iliyofunguliwa, ikabadilishwa kapasita, na ina picha za kazi yenyewe, ni mali kuliko ile ambayo muuzaji anajisifu haijaguswa tangu ilipotoka kiwandani. Hiyo ya pili ni bomu lenye saa. Ugonjwa usiotibika ni chipu iliyotengenezwa kwa redio hiyo peke yake, au kioo ambacho hakitengenezwi tena. Na transista za nguvu za zamani kama 2SC2879 ya Toshiba zimejaa bandia sokoni, zina maandishi sahihi na ndani ni kitu kingine.

Huku kwetu Afrika Mashariki bei unazosoma za Marekani zitakudanganya. Wenye leseni ni wachache, iwe wale ambao majina yao ya hewani huanza na 5H (Tanzania), 5Z (Kenya) au 5X (Uganda), kwa hiyo redio yenye soko kubwa Ohio inaweza kukaa mwaka mzima ukimtafutia mtu Dodoma. Usafiri na ushuru vinaongeza gharama ya kuingiza, navyo hurudi kwa nadra ukiuza. Tazama pia umeme. Redio nyingi za leo hutaka volti 13.8 za moja kwa moja, yaani betri na sola zinatosha, ingawa kwa wati 100 zinavuta ampea 20 na zaidi wakati wa kurusha. Redio ya vali iliyotoka Marekani huenda transfoma yake imefungwa kwa volti 117. Nyingine zinageuzwa kwenda 230 kwa kuunganisha upya nyaya za transfoma, nyingine hapana. Uliza kabla hujachomeka.

Hesabu ninayoipenda ni ya gharama ya kukaa nayo. Tuseme umenunua transiva iliyotumika kwa dola 600, ukakaa nayo miaka minne, ukauza kwa 500. Imekula dola 25 kwa mwaka. Kama katikati ulitia bodi na filta za dola 400 na ukauza yote kwa 650, imekula dola 350 kwa miaka hiyo minne. Sisemi ulikosea. Kama uliwasikia watu wa Pasifiki usiowasikia kabla, umekula ulichokilipia. Ila usimwambie mkeo au mumeo kwamba ni akiba.

Jambo la mwisho ni dogo na watu hulidharau. Kwenye matangazo ya Wamarekani utakuta imeandikwa kwamba redio imetoka nyumba isiyovutwa sigara, na boksi lake lipo, na maikrofoni ya asili ipo. Moshi huacha utando ndani na harufu isiyotoka. Boksi na kitabu huonyesha kwamba mwenyewe hakuwa mtu wa kutupa vitu ovyo, na hukinga mzigo njiani. Boksi tupu juu ya kabati, lenye kuchukua nafasi na kuleta maneno nyumbani, ni kuboresha pekee kunakorudisha pesa yake yote, maana lilikuja bure.