Pumzi ishirini za kwenye faili

Chukua faili lolote wodini, fungua karatasi ya vipimo, kisha shuka na safu ya pumzi kwa dakika. Mara nyingi utakuta 20, 20, 20, 20, kuanzia jioni hadi kunakucha. Mwenye nimonia ana 20. Aliyefanyiwa upasuaji jana ana 20. Hata yule aliyekimbizwa chumba cha wagonjwa mahututi saa kumi alfajiri, saa nane usiku alikuwa na 20 zake safi kabisa.

Simsuti mtu. Nami nimeziandika hizo ishirini, na leo nikiwafundisha wauguzi wenzangu wa idara ya dharura huwa naanza na usiku mmoja wa miaka yangu ya mwanzo kazini.

Aliletwa kijana aliyeanguka na bodaboda. Alikuwa amekaa kwenye benchi, simu sikioni, anabishana na mwenye pikipiki nani atalipa taa iliyovunjika. Presha 118 kwa 74. Mapigo 112, nikasema moyoni ni maumivu na woga. Pumzi nikaandika 20 bila hata kumtazama kifua. Shangazi yake alinijia mezani mara mbili. Mara ya pili akasema, “Sista, samahani, huyu mtoto anahema.” Nikamjibu, “Mama, sote tunahema.” Watu wawili watatu pale benchini wakacheka.

Baada ya saa moja na nusu nilimkuta kaegemea ukuta, jasho la baridi limemlowesha, simu imeanguka sakafuni. Presha 80 kwa 50. Ndipo nikahesabu pumzi zake kwa mara ya kwanza: 34. Bandama ilikuwa imepasuka. Alipona, lakini ni kwa sababu daktari wa upasuaji alikuwa bado hajaondoka hospitalini.

Presha husema mwisho

Mtu mzima wa kilo 70 ana damu kama lita 5. Anaweza kupoteza lita moja na zaidi huku namba ya juu ya presha ikisoma vizuri tu, hasa akiwa kijana mwenye afya. Mwili hubana mishipa ya mikono na miguu, moyo huongeza kasi, na damu iliyobaki hupelekwa kwenye ubongo na moyo wenyewe. Wakati huo viungo vingine vinapata oksijeni kidogo, asidi inajikusanya kwenye damu, na njia ya haraka ya mwili kuipunguza ni kuhema. Ndiyo maana pumzi hupanda mapema, presha bado imenyamaza. Presha ikishuka, ujue mwili umeshindwa kujibana zaidi.

Mambo ni hayo hayo kwa mgonjwa ambaye maambukizi yameenea kwenye damu. Na mwenye kisukari kilichovurugika huhema kwa kina na kwa kasi hata mapafu yake yakiwa mazima. Baadhi yao huandikiwa “pumu” mapokezini na kuanzishiwa dawa ya kupuliza, ilhali tone moja la damu kwenye kipima sukari lingemaliza ubishi. Kwa mgonjwa yeyote anayehema kupita kiasi, aliyechanganyikiwa au aliyepoteza fahamu, pima sukari kabla hujaanza kufikiria magonjwa makubwa.

Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi 12 hadi 20 kwa dakika. Mfumo wa alama za hatari unaotumika hospitali za Uingereza, toleo la 2017, humpa mgonjwa alama 3, ambazo ndizo za juu kabisa kwa kipimo kimoja, pumzi zikifika 25 au zikishuka hadi 8. Angalia na hicho kiwango cha chini. Mgonjwa aliyekuwa anahema 36, sasa ana 10 na amelala kimya, huenda amechoka kupumua. Ukifurahi kwamba ametulia, umempoteza.

Kwa watoto namba ni nyingine, na ni vizuri zikae kichwani: pumzi ni za haraka zikifika 60 kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5. Mwache mapajani kwa mama yake, mwinue nguo, subiri anyamaze. Ukimhesabu analia au ananyonya utapata namba isiyokusaidia kitu.

Namna ya kuhesabu

Dakika nzima. Najua wodi ina wagonjwa 40 na wauguzi wawili. Najua ule mtindo wa sekunde 15 mara nne. Ila kwenye sekunde 15 ukikosea pumzi mbili tu, umeshakosea 8, na 8 ndizo zinazotenganisha 20 na 28.

Usimwambie mgonjwa kuwa unamhesabia pumzi, maana akijua tu anaanza kuzipanga. Mshike kifundo cha mkono kama unayepima mapigo, mkono wake uulaze juu ya tumbo, kisha fuata kupanda na kushuka. Kupanda na kushuka ni moja. Katika dakika hiyo macho yako hayana kazi nyingine, kwa hiyo yatumie: je, mbavu zinaingia ndani? Shingo inavuta? Anamaliza sentensi au anaikata katikati kutafuta hewa? Vidole ni vya baridi? Dakika hiyo moja inakupa vipimo vitano, na bado kuna watu wanaiona ya kupoteza muda.

Kuna wanaosema siku hizi tuna kile kibanio cha kidoleni kinachosoma oksijeni, pumzi za nini tena? Kibanio kinasaidia sana, chini ya 94 nashtuka kama wewe, lakini kina udhaifu wake. Kwenye kidole cha baridi hakisomi vizuri. Piko nyeusi na rangi ya kucha hukichanganya, na bi harusi wa juzi anaweza kukupa 85 ya uongo. Jaribu ndewe ya sikio au kidole cha mguu kisichopakwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2020 ulionyesha pia kwamba kwa wagonjwa weusi vifaa hivi husoma juu ya ukweli mara nyingi zaidi kuliko kwa weupe. Kwetu sisi hilo siyo jambo la pembeni.

Halafu kuna jiko la mkaa. Usiku wa baridi au wa mvua, familia imeingiza jiko ndani, madirisha yamefungwa. Alfajiri wanaletwa wanaumwa kichwa, wanatapika, mmoja haamki. Ukiwawekea kibanio kinasoma 98 au 99, kwa sababu hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba hewa ya sumu ya mkaa. Hapo usiiamini namba ile. Weka barakoa yenye mfuko, fungua oksijeni kwa kasi ya juu, mwite daktari, kisha uliza nyumbani wamebaki wangapi. Swali hilo la mwisho husahaulika mara kwa mara.

Simu ya saa nane usiku

Kupima ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumfanya daktari aliyelala ainuke. Nimesikia simu hii mara nyingi:

“Daktari, samahani kwa usiku huu. Yule mama wa kitanda cha sita hali yake siyo nzuri.”

“Presha?”

“Iko sawa daktari.”

“Endelea na dripu, nitampitia asubuhi.”

Hapo daktari hakuambiwa kitu cha kumwamsha. Sasa sikiliza ya pili:

“Daktari, ni muuguzi wa wodi ya wazazi. Mama wa kitanda cha sita, miaka 28, amejifungua saa tatu zilizopita. Mapigo yalikuwa 92, sasa ni 126. Pumzi zilikuwa 18, sasa 28. Presha 104 kwa 70. Ameloanisha kanga mbili ndani ya saa moja. Nimekanda mfuko wa uzazi, ana kanyula mbili za dripu, oksitosini ya kuukaza inaingia. Nadhani damu inamwisha. Naomba uje sasa hivi.”

Kuna alivyokuwa na alivyo sasa, kuna ulichofanya, unachodhani, na unachotaka. Maneno “naomba uje sasa hivi” wauguzi wengi huyameza kwa heshima, wakitumaini daktari atajisemea mwenyewe. Yaseme. Kisha andika saa uliyopiga, na akikataa kuja, panda juu: kiongozi wa zamu, halafu daktari bingwa aliye zamu. Na akikupa agizo la dawa kwa simu, mrudishie jina, kipimo na njia ya kuitoa, asikie mwenyewe alichosema. Kichupa cha adrenalini huwa na miligramu 1 kwenye mililita 1. Mtu mzima aliyevimba koo kwa mzio huchomwa nusu yake kwenye msuli wa paja, na hiyo “nusu” kwenye simu inayokatika-katika ndiyo hupotea.

Zile kanga mbili nazo nina neno nazo. Macho yetu hukadiria damu chini ya ilivyo, na kanga huificha zaidi. Utafiti uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, matokeo yakatoka 2023, uliwawekea akina mama mfuko wa plastiki wenye alama za kupimia, na tiba zote zikatolewa kwa pamoja badala ya moja moja. Akina mama waliopoteza damu nyingi sana, waliofanyiwa upasuaji kwa sababu yake au waliofariki walipungua kwa 60%. Pasipo na mifuko hiyo, pima kanga kavu kwenye mizani kabla, kisha pima iliyolowa. Kila gramu iliyoongezeka ni kama mililita moja ya damu.

Ndugu wa mgonjwa akikwambia “huyu leo siyo yeye”, acha unachofanya umtazame mgonjwa. Yeye anamjua tangu utotoni, wewe una dakika kumi naye. Yule shangazi wa benchini hakuwa na mashine yoyote.

Tukienda wodi kwa wodi kukagua, kifaa ninachoangalia kwanza ni saa ya ukutani. Mara nyingi imesimama saa sita na robo tangu mwaka juzi, au inaenda lakini mshale wa sekunde umekatika. Kabla ya kukabidhiana zamu, pamoja na mtungi wa oksijeni na ambu begi, ule mfuko wa kumsukumia hewa asiyepumua, angalia na saa. Kama imekufa, mtume mtu duka la nje ya geti akailetee betri, na kama wodi haina saa kabisa, nunua ya kubana kifuani yenye mshale wa sekunde.