Kuua chuo: wanavyodhani watu na ilivyo kweli

Juzi jioni kijiweni Ngamiani kuna dogo anasoma Dar kaja likizo, bumu lao, hela ya mkopo wa chuo, limechelewa, basi analalamika huku kashika kikombe cha kahawa, "yaani wanatufanyia skolastisaidi kabisa". Mzee muuza kahawa akauliza ndo dude gani hilo, dogo akajibu ni kuua vyuo. Mzee: "Chuo kipi, cha maalim?" Tukacheka, ila mzee wala hajakosea, huku Tanga mtu wa umri wake ukimwambia chuo cha kwanza kuona ni mkeka na msahafu, na Kiswahili cha zamani chuo ni kitabu chenyewe, ndo maana hadi leo msomi anaitwa mwanachuoni.

Sasa neno lenyewe, hilo skolastisaidi la dogo, watu wanalichezea sana, ngoja tuseme.

DHANA: Ni neno la juzijuzi, limekuja na vita ya Gaza ya 2023.
Hapana. Lilibuniwa 2009 na Karma Nabulsi, Mpalestina aliyekuwa anafundisha Oxford, kipindi Gaza inapigwa mabomu ile awamu ya mwanzo wa mwaka ule. Limeundwa kwa kufuata lile neno la Kizungu la mauaji ya kimbari, genocide, ambalo nalo mtu kalitunga tu, mwanasheria Raphael Lemkin, 1944. Kilichotokea ni kwamba April 2024 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa walilitumia, wakasema zaidi ya asilimia 80 ya shule za Gaza zimeharibiwa au kubomolewa, na kwamba ni haki kuuliza kama kuna nia ya kuimaliza elimu ya Wapalestina. Angalia vizuri, kuuliza, sio kuhukumu. Israel yenyewe inakana, inasema Hamas wanajificha kwenye majengo hayo.

DHANA: Basi ni kosa la jinai lina kifungu chake.
Halina. Mkataba wa mauaji ya kimbari wa 1948 hauna habari za vyuo, hata ile hoja ya Lemkin ya kuua utamaduni ilikatwa mle ndani. Kilichopo ni Mkataba wa Roma wa 1998, ule wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), unasema kushambulia makusudi majengo ya elimu ni uhalifu wa kivita labda yawe yanatumika kijeshi.

DHANA: Lazima kuwe na mabomu.
Hapa ndo watu wengi wanapigwa chenga, na mimi ndo pananiuma zaidi. Afrika Kusini 1959 walipitisha sheria inaitwa, sikiliza jina, sheria ya KUPANUA elimu ya vyuo vikuu. Kupanua! Ilichofanya ni kuwafungia weusi milango ya vyuo vya wazungu, mpaka uwe na kibali cha waziri, wakajengewa vyuo vyao kwa kabila, na Fort Hare, chuo kilichosomesha kina Mandela, kikawekwa mkononi mwa serikali, walimu wengine wakafukuzwa, Profesa Z.K. Matthews akajiuzulu kwa kupinga. Hakuna tofali lililoanguka. Hungary nako 2017 ilitungwa sheria ya vyuo vya kigeni ambayo Central European University ya Budapest haikuweza kuishi nayo, kikahamishia masomo Vienna, Mahakama ya Umoja wa Ulaya inakuja kusema sheria ile inapingana na sheria za Umoja huo ni October 2020, watu washahama zamani.

Kwahiyo kalamu inatosha kabisa.

DHANA: Kila shida ya chuo ni kuua chuo.
Dogo wangu samahani. Bumu kuchelewa, sapu, hosteli kujaa watu wanne kitanda kimoja, hayo ni maudhi na mengine ni uzembe, lakini neno hili linataka nia, mtu akae apange kwamba hawa wasifundishwe. Hata 1966, Nyerere alipowatimua wanafunzi zaidi ya 300 wa Dar kwa kuandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa, unaweza kusema alikuwa mkali kupita kiasi (mimi nasema) ila wengi walirudishwa na chuo kikaendelea, mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili. Ukiita kila kitu kwa neno moja, siku likija lenyewe utaliitaje?

DHANA: Jengo likienda chuo kimekufa.
Nikamsimulia mzee habari ya Krakow, Poland. Tarehe 6 November 1939 Wajerumani waliwaita maprofesa waje kusikiliza mhadhara, wakaja na makoti yao, ukumbini wakakamatwa watu 183, wengi wakapelekwa kambi ya Sachsenhausen na wengine hawakurudi. Chuo kikafungwa. Lakini baadaye waliorudi wakaanza kufundisha kwa siri majumbani, wanafunzi wachache wachache, hivyohivyo mpaka vita inaisha.

Mzee akamimina kikombe kingine, akauliza, "Nyumbani kwa mwalimu, mmekaa chini?" Nikamwambia ndo hivyo, sijui kama chini ila nyumbani. "Eh," akasema, "si nilikuuliza mapema, chuo cha maalim?"

Dogo alikuwa anaangalia simu, bumu bado.