Shoti si kipigo

Juzi mteja kaleta kompyuta mpakato, anasema "imepigwa shoti". Namuuliza ilikuwaje. Umeme ulikatika, ukarudi mkubwa, ikazima. Saa moja baadaye kaja mwingine, naye "kapigwa shoti": aligusa chaja iliyochubuka, mkono ukarushwa. Neno moja, mambo mawili, na hakuna hata moja kati ya hayo ambalo ni shoti.

Shoti ni umeme kupata njia ya mkato kutoka chanya kwenda hasi bila kupitia kazi uliyopangiwa. Njia hiyo ina ukinzani mdogo mno, mkondo unapanda ghafla, na joto nalo linapanda.

Jina limetoka kwenye "short circuit" ya Kiingereza, tukabaki na kipande cha mbele. Kipande hicho hicho tunacho dukani: keshia akifunga hesabu pesa ikapungua, amepata shoti, na hakuna anayemwuliza nani kampiga. Kwenye umeme kilichotuponza ni kitenzi. Tunasema kifaa "kimepiga shoti" kama tunavyosema kupiga pasi au kupiga mswaki. Watu wakasikia kipigo, wakageuza ikawa "kupigwa shoti", na sasa hata binadamu anapigwa. Aliyeshika waya amerushwa na umeme, na tofauti hii naishikilia kwa sababu ni ya uhai. Ampea 0.1 ikipita kifuani inaweza kuvuruga moyo, ilhali sakiti breka ya ampea 16, ile swichi inayokata umeme mkondo ukizidi, haitashtuka kabisa. Breka ile inalinda nyaya dhidi ya shoti. Anayedhani yote ni shoti anaamini breka itamwokoa.

Turudi kwenye ile kompyuta. Chaja yake hutoa volti 19, prosesa, yaani chipu kuu ya kompyuta, inataka karibu volti 1. Katikati kuna mosfeti, swichi ndogo ya kielektroniki inayofungua na kufunga umeme mara nyingi sana kwa sekunde ili kuupunguza. Mosfeti hiyo ikipiga shoti, inabaki inapitisha umeme moja kwa moja, na volti 19 zinaweza kumfikia prosesa kabla kinga haijakata. Prosesa inachemka, inapasuka ndani, inakuwa na shoti yake. Aliyeanza ni mosfeti.

Mafundi wenzangu nao wanateleza hapa. Wanagusa IC, yaani chipu, wanakuta inaunguza kidole, wanaing'oa. Lakini joto hutokea penye ukinzani mkondo unapopita, na IC inayolisha njia yenye shoti huchemka kwa kubebeshwa mzigo usio wake. Bodi moja niliyoletewa niliipa volti 1 kutoka saplai ya mezani, kifaa cha kutoa volti unazochagua, ikavuta ampea 2, nikamwagia spiriti juu yake nione inakauka wapi kwanza kwa joto. Ilikauka kwanza juu ya kapasita moja, kijenzi cha kuhifadhi chaji, ndogo kama punje ya ulezi, pembeni kabisa ya IC ambayo ningeilaumu. Wati 2 kwenye punje ya ulezi.

Kwa hiyo ukija na kifaa, niambie tu ulichoona: umeme ulirudi mkubwa, kilinuka kuungua, kimegoma kuwaka. Kama kuna shoti, mita itaniambia. Na kama ni wewe uliyerushwa, sema umerushwa, halafu usiiguse tena hiyo chaja.